Prof Wetu wa Asia

Tulimwita Prof, ingawa hakuwa profesa. Kwa vyeo vya chuo alikuwa bado chini, na kila mwaka alisema tasnifu yake ya udaktari imebaki kidogo tu. Hakuna aliyemchokonoa zaidi. Katika taasisi yetu ndogo ya Uvira, yenye madarasa ya mabati yanayotazama ziwa, yeye peke yake ndiye aliyefundisha lile somo lenye jina la kukata pumzi: utamaduni, siasa na uchumi wa nchi za Asia. Sisi tulilifupisha. Tulisema, "Leo tuna Asia," na asiyejua angedhani tunasafiri.

Mama yangu hakupendezwa nalo hata siku moja. Nilipompelekea habari kwamba nimechagua upande huo, alikuwa anapepeta mchele uani, kwetu Kiringye. Hakuinua uso.

"Mutoto, hapa mambo ya Luvungi yenyewe yanatushinda. Weye unaenda kutafuta ya Wachina na Wahindi?"

"Mama, hata sufuria yako imetoka kule."

"Sufuria ilikuja yenyewe," alisema. "Haikuniomba niifuate."

Hilo la sufuria nilikuwa nimelitoa kwa Prof, wiki ya kwanza ya masomo. Mengi niliyoyasema miaka ile niliyatoa kwake, na mengine ninayasema mpaka leo bila kukusudia. Nimejaribu kumkumbuka kwa ubaya tu, nimeshindwa. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwalimu mbaya.

Alikunywa maji ya moto matupu. Hayakuwa chai, wala hayakuwa na limau. Saa ya mchana, wakati hata mbuzi wa Uvira wamejibana kwenye kivuli cha ukuta, yeye alifungua chupa yake ya chai, akamimina maji yanayofuka moshi, akapuliza, akanywa huku jasho likimtiririka shingoni. Watu walisema ni dawa ya mganga. Wengine walisema ana ugonjwa wa tumbo. Mwenzetu mmoja alithubutu kumuuliza, naye akacheka.

"Minye niliishi kule kwa Wachina miaka," alisema. "Tumbo yangu ilijifunza mbele ya kichwa. Kitu tumbo imejifunza, haitoke tena."

Alikuwa anafundisha hivyo, kwa kuanzia chini. Asia ya vitabu, yenye ramani za rangi na majina ya watawala, aliileta baadaye sana, na aliileta kama mtu anayetimiza wajibu. Kwanza alitupeleka sokoni. Alisema kila mmoja achague kitu kimoja kilichotoka Asia, akae nacho, aulize kimetoka mji gani, kimepita bandari gani, nani amekibeba, nani amekula njiani. Mmoja alichukua tochi. Mwingine kitenge, na akabishana nusu siku na mwenye duka aliyeapa kwamba ni cha Uholanzi, mpaka Prof mwenyewe akakigeuza, akaonyesha maandishi madogo pembeni, na mwenye duka akasema, "Basi Uholanzi yao iko kule."

Mimi nilichagua mchele. Kulikuwa na mchele wa Vietnam umepangwa kwenye magunia meupe yenye picha, na pembeni yake, chini, kwenye beseni, mchele wa kwetu. Prof alisimama nyuma yangu.

"Weye binti ya Kiringye. Muchele ya kwenu iko wapi?"

"Iko pale chini, Prof."

"Juu ya nini iko chini?" Kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini."

"Bei yake iko juu. Batu banachukua ule mwingine."

"Ule mwingine umepanda meli, umeshuka, umepanda lori, umevuka mipaka. Wa kwenu umetoka hapo tu, mtu anaweza kuutuma na pikipiki asubuhi. Niambie basi, juu ya nini wa mbali unauzwa chini na wa karibu unauzwa juu?"

Aliniambia hilo ndilo litakuwa swali langu mpaka nimalize chuo, na kweli lilikuwa. Kwa ajili ya swali hilo nilisoma habari za mito ya Asia, za wakulima wanaopeana zamu ya maji, za serikali zilizochimba mifereji na serikali zilizoifukia, za vijiji vilivyohamishwa ili bwawa lijengwe. Nikiandika, "Serikali iliamua," alikata sentensi yote kwa kalamu nyekundu. "Nani aliamka asubuhi akalima?" aliandika pembeni. "Nani alihama? Mtaje." Hakuvumilia kurasa ambazo watu hawamo.

Lugha ya Kichina hakuajiriwa kuifundisha. Aliifundisha kwa hiari yake, Jumamosi, kwa wachache tuliotaka, na hakudai kitu. Wengi waliogopa zile sauti za kupanda na kushuka. Prof aliwacheka. Aliwaambia Wafuliiru na Wavira waliokuwa mbele yake kwamba hawana kisingizio, kwa sababu mama zao waliwafundisha jambo lilelile tangu wakiwa mgongoni: neno moja, ukilipandisha ni kitu hiki, ukilishusha ni kitu kingine. "Mufaransa anaweza kulia hapa," alisema. "Weye hapana. Weye masikio yako iko tayari." Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobaki mpaka mwisho. Alinisahihisha kila neno, bila kuchoka, na nilipopatia alifumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea.

Nikisema alikuwa mwoga nitakuwa nimemsingizia. Mwaka mmoja, vita vya milimani vilipopamba moto, wanafunzi walianza kukaa kwa makundi darasani. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka huko juu, mtoto wa wafugaji, kijana mpole ambaye baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Watu waliacha kukaa benchi lake. Siku moja habari mbaya zilishuka mjini, na vijana wakaanza kukusanyika barabarani wakitafuta wa kumlaumu. Prof alifunga kitabu katikati ya somo. Alimshika yule kijana mkono, wakatoka. Walipita katikati ya soko, mchana kweupe, wameshikana mikono kama ndugu wanaokwenda kuposa, mpaka Kavimvira alikokuwa amepanga yule kijana. Walitukanwa njia nzima. Prof alikuwa anawasalimia wanaotukana, kila mmoja. "Mwamuka, baba. Habari ya nyumbani?" Tulimfuata kwa mbali. Siku iliyofuata alimkalisha yule kijana benchi la mbele, akakaa mwenyewe pembeni yake, akafundisha akiwa ameketi, habari ya majirani wa Asia waliochinjana baada ya kuishi pamoja vizazi na vizazi. Hakutaja Uvira hata mara moja. Hakuhitaji kuitaja.

Kwa upande mwingine alikuwa na majivuno ya kitoto. Viatu vyake viling'aa daima. Alibeba kitambaa mfukoni na kuvifuta kabla ya kuingia darasani, ingawa vumbi la barabara yetu halina heshima kwa mtu. Alisema hapendi kusifiwa, kisha alisimama mahali ambapo lazima mtu amtambulishe. Akitambulishwa kama "mtu aliyeishi Asia," alitazama chini kwa unyenyekevu, na sisi tuliomjua tuliona kona za midomo yake zikipanda. Alipenda kuwa katikati ya watu wasioelewana na kuwaelewanisha. Wafanyabiashara waliomwita awasomee maandishi ya Kichina kwenye mashine, au awaongelee kwa simu na watu wa huko, aliwaacha wasubiri kidogo kwanza, huku akisikiliza, akitikisa kichwa, akiwa peke yake ndani ya maneno. Niliipenda sura ile. Nilitaka siku moja na mimi niwe nayo.

Mwaka wangu wa tatu alisema, "Nipeleke kwenu. Swali lako haliwezi kumalizikia kwenye karatasi."

Nilimpeleka kwa mjomba wangu, ndugu ya mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na mashamba ya mpunga karibu na mfereji, na ndiye wazee wenzake walimsikiliza. Alikuwa ananiita "mama," kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na mbele ya watu aliniamkia kwa heshima ambayo mtoto hastahili. Siku ile aliniuliza kimyakimya, "Mama, huyu mutu ni wa namna gani?"

"Ni baba yangu ku masomo," nilisema.

Hakuuliza zaidi. Alichinja jogoo.

Prof alipofika shambani alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alivua vile viatu vyake, akavua soksi, akakunja suruali, akaingia kwenye tope mpaka magotini. Alishika maji, akayanusa. Aliuliza yanatoka wapi, yanafika kwa nani kwanza, nani anafikiwa mwisho. Wazee wakamweleza kilichowasumbua miaka yote: wa juu walifunga maji kwa mawe, wa chini walikuja kuyafungua kwa mapanga, na msimu haukupita bila mtu kushonwa kichwa. Jioni ile, akiwa ameshika paja la jogoo, aliwasimulia wakulima wa nchi za mpunga wanaokaa kikao, wanachagua mtu wa maji, kila shamba linapewa zamu yake, na anayefunga zamu ya mwenzake halimi msimu huo. Alisimulia kwa utani, akiiga sauti za wazee wa huko, mpaka wa kwetu wakacheka na kufuta machozi.

Alirudi tena, na tena. Kamati ya maji iliundwa, na mjomba akawa mtu wa maji wa kwanza. Ugomvi ulipungua, kisha ukaisha kabisa. Niliona kwa macho yangu mpunga wa chini, ule ambao zamani ulikauka ukiwa na mimba, umesimama na masuke mazito. Wazee walisema Prof ni mtoto wa hapa. Mama yangu, yeye aliyesema sufuria ilikuja yenyewe, alimtumia mchele wa mavuno mapya, akaupepeta mara mbili.

Basi ndivyo alivyoingia kwetu. Mlango niliufungua mimi, na alipokaa ndani alikaa vizuri.

Kampuni ya Wachina ilikuja nikiwa mwaka wa mwisho. Walitaka dhahabu iliyo kwenye mchanga wa mto wetu, mto unaolisha mfereji. Chefu wa kijiji alitangaza kikao kwenye uwanja wa shule, na mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa nyumbani. Sikujua nani atakuwa mkalimani. Gari lilipofunguka, akashuka Prof, na moyo wangu ulifurahi. Nasema kweli: nilifurahi. Nilijisemea, afadhali yeye, hawa watu hawatatudanganya.

Alinipungia mkono. Akawaamkia wazee kwa Kifuliiru. Wakampigia makofi.

Injinia wa kampuni alikuwa kijana, kofia pana, shati limelowa jasho. Alizungumza bila haraka, akituangalia sisi, si Prof. Nilikaa na akina mama, nikawa nasikiliza kwa namna niliyozoea Jumamosi: kwanza Kichina chenyewe, kisha ninajitafsiria kichwani, kisha nangoja Prof anisahihishe.

Injinia alisema mashine zitageuza mto. Alisema maji yatakuwa na tope zito na hayatafaa kwa mpunga. Kisha akasema jambo moja zaidi, akalisema wazi, kwa uso wa mtu asiyependa anachokisema: mto hautarudi mahali pake. *Hui bu lai*. Maneno hayo Prof alitufundisha kwa mfano wa mbuzi aliyekata kamba: hakurudi, na hata akitaka, hana njia ya kurudi. Injinia akaongeza kwamba ndiyo maana kampuni inataka watu wakubaliane na jambo hili kabisa kabla ya kazi kuanza, na waombe mashamba mengine, maana wana haki ya kuyaomba.

Nilimgeukia Prof. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Bazee," alisema, "huyu ndugu anasema mayi itachafuka kidogo ile wakati ya kazi. Kazi ikiisha, mayi itarudi. Na mufereji watautengeneza kwa simenti, uwe muzuri kuliko mbele."

Watu walinung'unika kwa kuridhika. Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Nilirudia yale maneno kichwani, moja moja, na kila moja lilibaki palepale. Nikasimama.

"Hapana," nilisema. "Hakusema vile. Amesema mayi haitarudi."

Prof alinitazama, na kwa kitambo kidogo niliona amenijua, amejua kwamba nimesikia. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la darasani.

"Bazee, huyu ni mutoto yangu ya masomo. Munamujua. Kichina kyake kingali kinatambaa. Neno moja ukilishusha, linakuwa kitu kingine. Atazoea."

Walicheka, na hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba. Nilimgeukia injinia. Nilitaka kumuuliza mbele ya wote, kwa lugha yake, arudie. Niliyajua maneno. Lakini kilichotoka kilikuwa kimoja tu. "*Shui*," nilisema. Maji. "*Shui...*"

Injinia aliinuka haraka, akachukua chupa yake ya maji mezani, akatembea mpaka niliposimama, akanipa kwa mikono miwili.

Watu walipiga makofi. Walisema angalia, huyu mtu ana moyo.

"Mama," mjomba alisema kutoka mbele, kwa upole, "kaa."

Nikakaa, chupa mkononi. Mikono iliponyoshwa kukubali, wa mjomba ulikuwa miongoni mwa ya kwanza, na alikuwa anamtazama Prof.

Sitasimulia sana yaliyofuata, maana kila anayepita barabara ya Bukavu anaweza kuyaona. Mashine zilikuja. Mto ulihamishwa ukavunjwa-vunjwa, maji ya mfereji yakawa mazito kama uji wa udongo, kisha yakapungua, kisha mfereji ukajaa mchanga mpaka watoto wakaupitia kwa miguu kwenda shule. Simenti haikuonekana. Mpunga wa msimu ule ulioza ukiwa mdogo. Wazee walimngoja Prof aje. Walisema lazima hajui, akijua atakuja. Walimtuma mtu Uvira, kisha mwingine. Hakuja.

Walipochoka kumngoja, walinikumbuka mimi.

"Weye mwenyewe njo ulimuleta," mwanamke mmoja aliniambia kisimani, na hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

"Minye nilisimama nikasema," nilijibu.

"Ulisema. Kisha ulikaa."

Mjomba hakuwahi kunilaumu. Alihamia Runingu, kwenye kishamba cha mihogo alichogawiwa na ukoo wa mke wake, mtu aliyekuwa mgawa maji sasa akiomba mahali pa kulaza jembe. Nilimtembelea. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akauliza habari za safari. Lakini aliniita kwa jina langu, jina la kawaida ambalo kila mtu ananiita. Nilingoja neno "mama" mpaka nilipoaga, halikuja, wala sikuweza kuliomba.

Chuoni, wakati ule, Prof aliendelea kufundisha kama kawaida. Nilikaa nyuma. Hakuniuliza swali, nami sikumwuliza. Niliandika kazi yangu ya mwisho juu ya mchele, na katika sura ya mwisho nilieleza yaliyotokea Kiringye, bila kumtaja, nikiwataja waliohama mmoja mmoja kama alivyotufundisha. Alinipa alama za juu kabisa. Mbele ya walimu wenzake aliisifu kwa maneno ambayo mwanafunzi yeyote angeyaweka moyoni maisha yake yote. Wenzangu walinikumbatia. Nilitoka nje ya ukumbi peke yangu.

Hicho ndicho sikukielewa, na sidhani nitakielewa. Mtu mwovu angenifelisha. Angeniogopa, angenifukuza. Yeye alisoma kila ukurasa, akasahihisha hata jina la mzee mmoja nililolikosea, kisha akanipa haki yangu yote mahali ambapo haikumsaidia mtu.

Nikaenda kufundisha shule ya sekondari Luvungi. Miaka ilipita. Kampuni ilileta mkalimani wake mwenyewe na ikaachana na Prof, hilo nililisikia. Niliwahi kumwona kwa mbali, mara moja, sokoni Uvira, ameinama juu ya mashine ya kusaga ya mfanyabiashara fulani, anasoma maandishi. Niligeuza njia.

Mwaka huu akanitumia ujumbe kupitia mwalimu mwenzangu: nije chuoni, ana neno. Nilisema siendi. Kisha nikaenda, asubuhi moja, kwa pikipiki, na njiani nilikuwa napanga maneno.

Ziwa lilikuwa limekula uzio wa chuo na sehemu ya uwanja. Darasa letu la zamani lilisimama na maji kwenye ngazi. Prof alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha ofisi. Alikuwa amekonda. Aliinuka aliponiona, na sikujua mikono niiweke wapi, kwa hiyo nikaikunja.

"Karibu, binti ya Kiringye."

"Nimekaribia, Prof."

Tulikaa. Aliniuliza habari za shule, nikajibu. Alitazama maji. Kisha akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Kichina chako kilikuwa kizuri. Ile siku. Ulisikia kila neno."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka. Nilikuwa nimeyaota. Sasa yalikuwa mbele yangu, na hapakuwa na mtu mwingine kwenye kibaraza kile wa kuyasikia.

"Basi twende Kiringye," nilisema. "Leo. Pikipiki iko pale. Ukaseme vile mbele ya bazee."

"Juu ya nini tufungue kidonda?"

"Hakijafunga, Prof."

Alipangusa uso kwa kiganja. "Ile kampuni ingeingia tu. Ilikuwa na makaratasi ya kutoka juu. Bazee wangekataa, wangeletewa askari. Nilifikiria, minye nikiwa ndani, nitavuta kidogo kidogo upande wetu. Kama si minye, wangeleta mwingine."

"Mwingine nisingemupeleka ku mujomba."

Aliangalia viatu vyake.

"Mwingine hawangemuchinjia jogoo," nilisema. "Hawangemuamini. Wangeuliza maswali mpaka jioni. Walinyosha mikono juu yako, Prof. Na minye walinicheka juu yako."

"Najua."

"Twende."

Alitikisa kichwa. Alitikisa polepole, na niliona kwamba alikwisha kulifikiria jambo hilo kabla sijafika, akalipima, akaliacha. Kuniambia mimi aliweza. Zaidi ya hapo hakuweza, au hakutaka. Sijui tofauti yake ni nini.

"Minye naondoka," alisema. "Nimepata chuo Lubumbashi. Hapa somo linabaki bila mutu. Nimewaambia nani anaweza kulichukua. Nimewaambia sijawahi kufundisha mutu anayesikia kama weye. Wamekubali. Mukuu wa idara anakungojea."

Aliyasema haya uso wake ukiwa umefunguka, na kona za midomo zilipanda kidogo, na nikaelewa kwamba kwake yeye hili ndilo neno aliloniitia. Lile la kwanza lilikuwa la kusafisha njia tu. Alikuwa ananipa kitu alichokipenda kuliko vyote, na alidhani kitatosha.

Nilitaka kulikataa. Nilifungua mdomo nikatae. Nikawafikiria wanafunzi wangu wa Luvungi watakaokuja huku, watoto wa Runingu na wa Kiringye, na kampuni nyingine zitakazokuja na mikutano yao, na watu wetu wameketi chini wakingoja kutafsiriwa.

"Somo nitalichukua," nilisema.

Aliendelea kunitazama. Alikuwa anangoja neno lililobaki. Kwetu, mtu akikupa kitu hukipokea kwa mikono miwili, unakunja magoti kidogo, unashukuru. Hata adui ukimpokea kitu unafanya hivyo. Yeye alijua, nami nilijua. Mikono yangu niliiacha imekunjwa. Niliinuka, nikampita, nikabisha mlango wa mkuu wa idara, nikauliza masomo yanaanza lini.